Bonde limekauka, maji ya mfereji yana kutu: niuzibe au niuchimbe zaidi? (Kabale, Uganda)

#1 Mkamuaji_Kabale
Wakuu, salaam. Nina kipande cha bonde la ardhioevu upande wa Kiruruma, nilikinunua kwa familia iliyofuga hapo tangu enzi za wazee wao. Mafunjo yaliondolewa zamani, mimi nilikuta nyasi na mfereji mkubwa katikati. Miaka ya mwanzo nyasi ya kikuyu ilikuwa inanifika magotini na ng'ombe walirudi nyumbani matumbo yamejaa.

Sasa mambo yamegeuka. Nguzo za uzio zilisimikwa na zege, na ile zege iliyokuwa imefukiwa leo iko nje, unaweza kuikalia. Kiangazi ardhi inapasuka nyufa za kumeza kwato. Maji ya mfereji yana utando wa rangi ya kutu, ng'ombe wananusa na kuondoka. Nyasi zimebaki mabaka. Na kisima cha chini ya nyumba, ambacho majirani wanasema hakikuwahi kukauka, kinakauka.

Jirani wa juu anasema nichimbe mfereji zaidi ili "maji mabaya yatoke". Kijana mmoja wa kilimo anasema niuzibe. Nimsikilize nani?

#2 Afande_Mstaafu
Chimba. Kutu maana yake maji yamesimama. Maji yanayotembea hayashiki kutu. Mimi nimefuga bondeni maisha yangu yote, mfereji ukijaa tope nyasi zinakufa. Zibua mpaka mwisho, baada ya mvua mbili utaniambia.

#3 Fundi_Udongo
Afande, kwa heshima yako, hapo ndipo bonde linapouawa mara ya pili.

Udongo wa mafunjo si wa mlimani. Ni mabaki ya mimea yaliyorundikana majini karne kwa karne bila kuoza, kwa kuwa hewa haifiki. Ukitoa maji, hewa inaingia, uozo unaanza, na sehemu kubwa ya udongo inageuka gesi ya kaboni na kwenda zake. Ndiyo maana zege imetoka nje. Nguzo hazikupanda, ardhi ndiyo imeshuka. Ukiufuata kwa jembe utashuka tena, na wewe utachimba tena, mpaka ukutane na mfinyanzi mtupu wa chini.

Kuhusu kutu: mabonde ya mafunjo mara nyingi yana chuma na salfa, na vinatulia maadamu viko chini ya maji. Vikikutana na hewa vinatoa tindikali. Udongo ukichacha kiasi hicho, mizizi inadumaa na hata samadi unayoweka nyasi haziipati vizuri. Huko Kigezi, yaani Kabale na jirani zake, walianza kukausha mabonde tangu miaka ya 1940, kwa hiyo hili si la jana.

Mkamuaji, chimba shimo la kupimia mbali na mfereji, uniambie maji unayakuta kina gani.

#4 BusiaYetu
Utando unang'aa rangirangi juu ya maji? Ssebo, hayo ni mafuta! Funga domo, piga simu Hoima kwa watu wa mafuta, usiuze shamba 😂

#5 Mkamuaji_Kabale
@BusiaYetu kweli unang'aa, na mke wangu alisema hivyohivyo.

#6 Fundi_Udongo
Chukueni kijiti mchokoze. Utando ukivunjika vipandevipande na kubaki hivyo, ni bakteria wa chuma. Mafuta yakichokozwa huungana tena. Mama atanisamehe.

#7 Nyabo_wa_Rwizi
Mnazungumzia mfereji tu, hakuna aliyeuliza kilimani kuna nini. Mkamuaji, nani kapanda mikaratusi juu yako?

Mimi ni wa Mbarara. Mto Rwizi tumeuona ukipungua mpaka mtu anavuka bila kukunja suruali, na kila mtu ana mchawi wake: migomba mpaka ukingoni, mchanga, mifugo, mvua. Ila kwenye kijito cha kwetu tuliona kwa macho: mikaratusi ilipofungana kando ya maji, chemchemi ya chini ilikufa. Ilipovunwa maji yakarudi, ilipochipua tena yakaondoka. Kisima chako kinaniambia mikaratusi.

#8 Mkamuaji_Kabale
Ipo nyabo, mlima mzima, ya mtu wa Kampala. Na mingine iko bondeni kwenyewe, jirani aliipanda makusudi "ikaushe".

#9 Afande_Mstaafu
Mikaratusi haijaanza leo, Kabale imejaa mikaratusi tangu mkoloni. Kisima kinakauka kwa sababu mvua zimebadilika. Acheni kutafuta mchawi.

#10 Daktari_wa_Ngombe
Nami niongeze mchawi wa tatu: kwato. Una ng'ombe wangapi na kipande ni ekari ngapi? Udongo ule laini ukikanyagwa ungali na maji unashikana juu, mvua inateleza kwenda mferejini badala ya kuingia. Nyasi za mabaka ni dalili ya kulisha bila kupumzisha. Inaweza kuwa hakuna tindikali yoyote hapo, ni mdomo na kwato tu.

Na nikiwa hapa: wanaolisha bondeni, dawa ya minyoo ya ini mnatoa? Konokono wa maji ndio wanaoibeba minyoo hiyo, na wanapenda hasa mifereji ya maji ya polepole na madimbwi ya kwato. Ini limetupwa machinjioni halafu mtu anasema ng'ombe wake anakonda kwa kurogwa.

#11 Mkamuaji_Kabale
Wanane wa kukamua, na ndama. Ekari sita. Dawa natoa daktari akipita.

#12 Daktari_wa_Ngombe
"Akipita." Haya.

#13 Mchungaji_Nakasongola
Sisi wa ukanda wa ng'ombe tunacheka mnavyolisha bondeni mwaka mzima. Kwetu kando ya mto Kafu bonde ni akiba. Mvua ikiwepo, ng'ombe wako juu. Kiangazi kikikaza, majani ya juu yakiisha, ndipo tunashuka, na siku mvua ya kwanza inapopiga tunatoka. Kipimo alichonipa baba: kwato ikizama kuliko urefu wa kidole, toa ng'ombe leo, usingoje kesho. Na maji hawanywi ukingoni, tunachota kwenda kwenye birika, maana wakishaingia wenyewe ukingo unakuwa tope na kinyesi mpaka kiangazi kinaisha.

Siku hizi bahati mbaya akiba hiyo wengine wamelima mpunga. Ukishuka na ng'ombe Januari unakutana na askari.

#14 Mwana_wa_Mpologoma
Mpunga umetajwa, nimeamka. Butaleja hapa. Msitulaumu, serikali yenyewe ndiyo iliyotufundisha. Mradi wa mpunga wa Doho ulichimbwa kwenye bonde la mto Manafwa miaka ya 1970 na 1980, Wachina wakasaidia. Kibimba kule Bugiri nako ni hivyohivyo. Leo mtoto wa aliyechimba mfereji wa serikali anaambiwa yeye ni adui wa mazingira.

#15 Nyabo_wa_Rwizi
@Mwana_wa_Mpologoma na Manafwa ikifurika mnamlaumu nani?

#16 Mwana_wa_Mpologoma
Mlima Elgon 😅 Lakini kusema kweli, zamani maji yalikuja yakakaa kwenye mafunjo wiki nzima. Sasa mpunga ni ukingo kwa ukingo, maji hayana pa kupumzikia, yanaingia jikoni. Mama yangu ameinua jiko kwa matofali. Lakini ada ya shule ni mpunga huohuo. Mtu aniambie nifanye nini.

#17 Mhaya_wa_Ngono
Salaam kutoka Bukoba. Mkamuaji, sheria iko wazi, ni mita 60 kutoka kwenye chanzo cha maji, hakuna shughuli. Mnajadili nini?

#18 Wakili_wa_Kijiji
Karibu jirani, ila mita 60 ni sheria ya Tanzania ya 2004. Huku ni kanuni za 2000 za ardhioevu, kingo za mito na fukwe za maziwa. Mito mikubwa iliyoorodheshwa ni mita 100, mingine mita 30. Ziwa kubwa kama Viktoria au Kyoga ni mita 200.

Halafu la bonde lenyewe. Katiba ya 1995, ibara ya 237, inasema serikali inashikilia ardhioevu kwa niaba ya wananchi. Na Baraza la Mawaziri mwaka 2014 liliamua hati zilizotolewa ndani ya ardhioevu baada ya Katiba hiyo zifutwe. Kwa hiyo Mkamuaji, kabla ya kuuliza kuziba au kuchimba, angalia hati yako ni ya mwaka gani.

Kwenye kanuni hizohizo, shughuli za jadi haziombi kibali: kukata mafunjo, kuchota maji ya nyumbani, kuvua kwa mitego na vikapu, na kulima kama eneo lililolimwa halizidi asilimia 25 ya ardhioevu yote.

#19 BusiaYetu
Asilimia 25! Basi mimi niko salama, nimelima robo ya kipande changu.

#20 Wakili_wa_Kijiji
Ya ardhioevu YOTE, si ya kipande chako. Kama majirani wamekwisha kula robo, wewe umechelewa.

#21 BusiaYetu
Kumbe ni mashindano ya kuamka mapema.

#22 Mkamuaji_Kabale
Hati ni ya zamani, ilitoka kwa wazee wale kabla ya Katiba. Nilihakikisha kwa mtu wa ardhi kabla ya kununua.

Fundi, nimechimba mashimo mawili. Karibu na mfereji nimeingia mpaka mkono wote bila maji, udongo ni wa unga, nimeumwagia maji yakabaki juu yanatembeatembea, hayaingii! Shimo la mbali, kwenye kona yenye nyasi bado nzuri, maji yako usawa wa kiwiko. Nimeshangaa.

#23 Fundi_Udongo
Umejijibu, ssebo. Udongo ule ni sifongo, ukikauka kupita kiasi unakataa maji. Kona yenye nyasi nzuri ndiyo yenye maji karibu. Nyasi zinakufa kwa kiu, na bado unashauriwa kutoa maji.

#24 Afande_Mstaafu
Au kona hiyo ndiyo ng'ombe hawapendi kwenda kwa sababu ya tope, kwa hiyo hawaili. Daktari kasema kwato. Shimo moja halithibitishi kitu.

#25 Daktari_wa_Ngombe
Afande leo yuko upande wangu, niweke tarehe.

#26 Mvuvi_wa_Nabajjuzi
Masaka hapa. Fundi, ile habari ya kutu usiitie chumvi. Kwetu Nabajjuzi, swampu ambayo hakuna aliyeitia jembe, pembeni pale chemchemi inapotokea utaona utando uleule wa machungwa. Chuma kinatoka ardhini hata bila mfereji. Kutu haimaanishi tindikali lazima. Apime.

#27 Fundi_Udongo
Nakubali, apime. Kituo cha utafiti wa kilimo cha Kachwekano kiko karibu na Kabale, au apeleke maabara ya Kawanda. Achukue udongo wa juu na wa chini tofauti, asichanganye. Na asikimbilie chokaa ya Tororo kabla ya majibu. Kama tindikali inazalishwa kila kiangazi kwa sababu ya ukavu, chokaa utamwaga kila mwaka mpaka uuze ng'ombe.

#28 Afande_Mstaafu
Chokaa inafanya kazi. Nimeona.

#29 Fundi_Udongo
Inafanya kazi, sijakataa. Inafanya kazi mwaka huo.

#30 Mama_Zuhura
Nimesoma kimya ila mnasahau mbu. Nyanya yangu wa Kabale alisema utotoni mwake malaria ilikuwa ugonjwa wa wanaosafiri kwenda Kasese. Watafiti walilinganisha mabonde ya Kabale yaliyolimwa na yale yenye mafunjo bado, wakakuta yaliyolimwa yana joto zaidi na hatari ya malaria ni kubwa zaidi. Mafunjo yanafunika maji, bonde linabaki baridi. Ukiziba mfereji nusunusu ukaacha madimbwi wazi yenye jua, umewajengea mbu hoteli.

#31 Nyabo_wa_Rwizi
Hoja nzito. Basi akirudisha maji arudishe na mafunjo.

#32 Mkamuaji_Kabale
Nyabo, ng'ombe hawali mafunjo! Nitakamua mikeka?

#33 Mlinzi_wa_Korongo
Hakuna aliyesema ekari zote sita. Acha ukanda kando ya mfereji mkuu, usilishe, mafunjo na matete yatarudi yenyewe kama mizizi ipo jirani. Vuna kwa zamu, kata kipande leo, kingine mwezi ujao, ukate mabua na kuacha mzizi chini ya maji. Ndani ya mwaka kimesimama tena. Watu wa mikeka na wa kuezeka watakufuata wenyewe. Na korongo taji wanahitaji mahali pa kutaga penye maji na majani ambapo ng'ombe hapiti. Ndege wa bendera, na yuko kwenye orodha ya walio hatarini kutoweka. Tunamvaa kifuani huku tunamkanyagia mayai.

#34 BusiaYetu
Mimi korongo sina shida naye, anakula mahindi yangu yaliyochipua tu.

#35 Mlinzi_wa_Korongo
Mpe mafunjo, atakuachia mahindi.

#36 Mwana_wa_Mpologoma
Upande wa kipato: mabonde ya kusini-magharibi na mashariki yaliingia kwenye ule mradi wa serikali na UNDP, shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa, ulioanza 2017, wa fedha za Mfuko wa Tabianchi wa Kijani. Kikundi cha kwa shangazi yangu kilitoka bondeni kikachimba mabwawa ya samaki pembezoni, juu kidogo ya ukingo. Kambare wanaenda vizuri. Sato walichelewa, maji ni baridi asubuhi. Kabale kwenu baridi zaidi, kwa hiyo usikurupuke na sato.

#37 Mvuvi_wa_Nabajjuzi
Samaki wa swampu ni kamongo, bwana. Kiangazi anajizika kwenye tope anasubiri mvua, unamchimba kwa jembe. Afuge kamongo.

#38 Mama_Zuhura
Kwetu wanawake hawali kamongo.

#39 Mvuvi_wa_Nabajjuzi
Na mimi ni wa ukoo wa Mmamba, yaani huyohuyo kamongo, siruhusiwi kumla. Nawauzia nyinyi tu 😂

#40 Kijana_wa_Lwera
Mnacheka wakati barabara ya Masaka ilikatika Mei 2023 pale mto Katonga. Bonde lile linachimbwa mchanga, linalimwa mpunga, kila mtu ana mfereji wake. Mvua kubwa ikaja, daraja likaondoka, Kampala na Masaka wakazungukia Mpigi na Gomba. Wengine walisema ni mvua tu. Sawa, mvua. Lakini mvua hiyo zamani ilikuwa inapita kwenye nini?

#41 Afande_Mstaafu
Turudi Kabale tafadhali. Swali lilikuwa mfereji.

#42 Mchungaji_Nakasongola
Afande kaanza kutuamrisha, ina maana anashindwa.

Mkamuaji, ushauri wangu: kata shamba vipande vinne kwa uzio wa nyaya, hata wa miti. Zungusha. Kipande chenye maji kilishwe kiangazi pekee. Panda majani ya napia mlimani juu ya nyumba, ukate ulete, ng'ombe wanane hawahitaji kuzurura bondeni kila siku. Hilo utafanya hata kabla hujajua nani mkweli kati ya Fundi na Afande.

#43 Fundi_Udongo
Naunga mkono. Na kwa mfereji: usizibe kwa mpigo mmoja. Anza juu ya kipande chako, shuka ngazi kwa ngazi, vizuizi vidogo vingi badala ya kimoja kikubwa. Simika miti, jaza magunia ya mfinyanzi, mchanga utavuja. Kila kizuizi kiwe na mdomo katikati ulio chini kuliko kingo, maji ya ziada yamwagikie hapo, la sivyo mvua ya kwanza itakata pembeni na kukuchimbia mfereji mpya. Hatutaki ziwa. Unataka kiangazi maji yawe karibu sentimita 30 chini ya nyasi, mizizi inywe na ng'ombe wasizame. Lile shimo la kiwiko ndilo la kulenga.

#44 Mkamuaji_Kabale
Hapo kuna tatizo ambalo sikulisema mwanzoni. Jirani wa juu, yule wa "chimba", ana viazi mbatata mpaka ukingo wa mfereji. Nikipandisha maji kwangu hata kidogo, mashimo yake yanajaa. Bonde lenyewe halina mteremko.

#45 Afande_Mstaafu
Ndiyo nilikuwa nasema. Kwenye karatasi kuziba ni rahisi. Bondeni kuna watu.

#46 Wakili_wa_Kijiji
Na ukimharibia viazi atakushtaki, na atashinda. Usiguse kitu kabla hamjakaa mbele ya mwenyekiti wa LC1 (serikali ya kijiji) na afisa mazingira wa wilaya, muandikiane. Hata kama hati yako ni safi.

#47 Nyabo_wa_Rwizi
Mwambie jirani naye achimbe shimo la kupimia. Ardhi yake nayo imeshuka, mtaona wote kwa macho yenu. Kwetu waliokubali kuacha ukanda wa mto hawakushawishiwa na mkutano, waliona kisima cha mwenzao.

#48 Mkamuaji_Kabale
Viazi anavuna mwezi ujao. Nitamwomba kabla hajapanda tena. Uzio naanza wiki hii, na daktari nitamwita badala ya kungoja apite.

#49 Daktari_wa_Ngombe
Mwambie aangalie ini, na pia ile ndama mnayosema "imechelewa kukua".

#50 Mkamuaji_Kabale
Umejuaje kuna ndama aliyechelewa kukua?

#51 Daktari_wa_Ngombe
Kila mfuga bondeni ana ndama huyo.

#52 Afande_Mstaafu
Akishavuna viazi nitashuka Kabale mwenyewe na jembe langu. Nitachimba shimo la tatu katikati, pale ng'ombe wanapolala. Fundi aje na kipimo chake cha tindikali (pH) tusimame wote hapo.

#53 Fundi_Udongo
Nitakuja. Nauli ya kurudi utanilipia wewe.